Mkalimani Aliyemhukumu Bwana Kola

Alizaliwa lini na ni wa ukoo gani, sijui. Mimi neno hilo nalitamka bila aibu. Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili hapa Bungoma, na wanafunzi wangu wamenisikia nikilisema mbele ya ubao, chaki mkononi. Yeye hakuliweza. Miaka yote niliyomjua, tangu tulipokuwa majirani kule Kitale, ukuta mmoja na bomba moja la maji, sikuwahi kumsikia akisema "sijui", hata kwa jambo dogo kama mvua itanyesha au haitanyesha. Sote tulimwita Mkalimani. Mkewe alimwita hivyo, pasta alimwita hivyo, na mimi sitatafuta jina lingine leo.

Alikuwa mkalimani wa mahakama, kwanza Bungoma, kisha Kitale, hadi akastaafu. Mshtakiwa akijitetea kwa Kibukusu au Kisabaoti, yeye ndiye aliyesimama kati yake na hakimu, akayageuza maneno. Kabla ya kila kesi aliapa kwamba atatafsiri kwa kweli, hataongeza wala hatapunguza. Wenzake walikula kile kiapo kama mtu anayekunywa chai akielekea kazini. Yeye kilimwingia kwenye mifupa na hakikutoka tena.

Shahidi akikohoa, Mkalimani naye alikohoa. Haki ya nani, sitii chumvi. Karani aliyekuwepo alimsimulia mama yangu kwamba siku moja hakimu mgeni alimkatiza: "Bwana Mkalimani, una kifua?"

"La, Mheshimiwa. Shahidi amekohoa."

Siku nyingine mzee mmoja kutoka Mlima Elgon, aliyeshtakiwa kwa kupika pombe haramu ya chang'aa, alichoka kuulizwa maswali. Akamkazia hakimu macho na kutamka kitu kwa Kisabaoti. Mkalimani akajinyoosha, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ileile ya hasira: "Wewe hakimu ni fisi, na hata mama yako anajua!" Hakimu akavua miwani.

"Umesema nini wewe?"

"Mimi sijasema kitu, Mheshimiwa. Mimi ni bomba tu. Maji yanatoka kwake."

Ubaya ni kwamba bomba hilo halikufungwa hata alipofika nyumbani. Mkewe, mwanamke mpole na mwenye haya, wakati mmoja alitaka sufuria yake irudi kutoka kwetu. Mama yangu alikuwa ameiazima akaisahau, au alijifanya kuisahau, hayo ni yake. Mkalimani akaja mlangoni na koti lake la kijivu, kalamu mbili mfukoni, akasimama kama yuko kizimbani.

"Mke wangu amesema urudishe sufuria. Amesema nikuambie polepole, kwa sababu wewe ni mwepesi wa kukasirika."

Mama alirudisha sufuria siku hiyohiyo, na kwa wiki mbili hakumsalimia mtu wa nyumba ile. Mimi nilicheka hadi nikafukuzwa jikoni.

Mambo ya mahari ndiyo yaliyomshinda kabisa. Alipelekwa Endebess akawe mdomo kati ya wazee wa bwana arusi, Wabukusu, na wazee wa bibi arusi, Wasabaoti. Kazi kama ile, kila mtu anajua, nusu yake ni kuyamumunya maneno makali kabla hayajafika upande wa pili. Mkalimani hakumumunya. "Baba ya msichana amesema ng'ombe wenu wamekonda," akawaambia wageni. "Halafu amecheka. Kicheko chenyewe si cha furaha." Wazee wakachukua kofia zao. Wale vijana walioana baadaye, wana watoto sasa, lakini yeye hakualikwa tena kwenye kikao cha mahari upande wowote wa mlima.

Sasa hapo ndipo mtu huyu aliponichanganya. Kwa maneno ya wengine alikuwa mwaminifu hata akaudhi, lakini umuulize yeye jambo asilolijua, hakukubali kushindwa. Dereva wa lori alisimama pale kwetu akitafuta ghala fulani la mahindi huko Moi's Bridge. Mkalimani hakuwa na habari nalo. Akanyoosha mkono wote, kidole kimekakamaa: "Nenda moja kwa moja." Yule dereva alipatikana jioni kule Suam, kwenye mpaka wa Uganda, akiulizwa karatasi za mzigo.

"Barabara nilimwonyesha sawa," Mkalimani akasema. "Ghala ndilo liko upande mwingine."

Nilimuuliza siku moja, nikiwa nimeshakuwa msichana mkubwa wa chuo, kwa nini asiseme tu hajui. Hakukasirika. Aliniambia kwamba mkalimani akisema hajui, kesi inasimama mpaka apatikane mwingine, na mtu anarudishwa rumande wiki mbili zaidi, pengine hana kosa. "Kwa hivyo mimi najua," akasema. "Kila siku nikiamka, najua." Niliona ni sababu nzuri, ingawa haikumsaidia yule dereva wa lori.

Alipostaafu alikonda kama wale ng'ombe wa Endebess. Mtu aliyezoea kusemea wengine sasa hana wa kumsemea. Ndipo Mama Video akamwokoa. Huyu mama alikuwa na jumba la mabati nyuma ya soko la Kitale, televisheni moja kubwa na mabenchi ya mbao, na Jumamosi mchana watu waliouza mazao yao waliingia kuona filamu. Filamu za kigeni zilihitaji mtu wa kuzieleza kwa Kiswahili, na kijana aliyekuwa akifanya kazi hiyo alikuwa amehamia Eldoret. Kazi ya mweleza filamu nyote mnaijua: anapiga kelele, anawapa wachezaji majina ya kienyeji, Mchina anaitwa Wekesa, farasi anaongea. Chumvi ndiyo chakula chenyewe.

Mkalimani aliingia na koti lake, akasimama kando ya televisheni, akainua mkono wa kulia na kuapa mbele ya watu wote. Kisha akatafsiri. Watu wakipigana kwenye filamu, alinyamaza kimya.

"Mzee, ongea bana!" vijana walilia.

"Hakuna aliyesema kitu."

"Lakini si wanapigana!"

"Mnaona wenyewe. Mnataka niwatafsirie macho?"

"Tia chumvi, mzee!"

"Chumvi iko jikoni."

Nilidhani watamfukuza kwa mawe. Kumbe, baada ya mwezi, walimzoea, na baada ya miezi miwili hawakutaka mwingine. Akiwaambia mtu wa filamu amesema jambo, walijua amelisema. Walianza kubishana wakitoka nje, nani mwongo, nani msaliti, kama watu waliotoka kusikiliza kesi ya jirani. Mimi niliketi benchi ya mbele na sikukosa Jumamosi hata moja ya likizo zangu, akawa ananiita Shahidi. Jina hilo lilinikwama hadi leo.

Basi ikaja ile filamu. Mfanyabiashara mmoja rafiki yake Mama Video alikuwa amekwenda Suam kununua vitu, akarudi na diski kadhaa za bei rahisi. Moja ilikuwa na picha ya mwanasiasa aliyevaa nguo nyeupe pepepe, daraja lililovunjika na mvua. Mama Video akapenda. Ilikuwa inakaribia wakati wa kampeni, watu walitaka siasa. Kabla hata hajaitazama, alikuwa ameandika ubaoni kwa chaki ya rangi tatu na kubandika karatasi hadi kwenye nguzo za stendi. Alipoiweka ajaribu, lo! Hakuna Kiingereza. Hakuna maneno chini. Watu wanaongea haraka kama mvua ya mawe.

Akamwita Mkalimani. Nilikuwepo, nimeshika kikombe cha uji.

"Mzee, hii lugha ni gani?"

Aligeuza lile jalada. Maandishi yake yalikuwa ya mviringo, kama viazi vilivyopangwa sokoni. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za kizungu, paliandikwa jina la lugha.

"Kisinhala," akasema. "Ya Sri Lanka."

"Unaijua?"

"Si nimekwambia ni Kisinhala?"

Mama Video akashusha pumzi, akasema asante Yesu. Mimi nilimtazama Mkalimani usoni na nikaona kijasho chembamba kwenye paji. Angeweza kusema pale pale. Lilikuwa neno moja tu, na sote tungelisahau kufikia Jumatatu.

Aliomba wiki moja na mashine ya kuchezea diski. Wiki ile ukuta wetu ulizungumza Kisinhala kutoka asubuhi hadi wakati wa chakula cha jioni. Aliitazama ile filamu mara kumi na moja, mkewe alihesabu kwa sababu hakupata taarifa ya habari hata siku moja. Nilimpelekea maziwa nikaona daftari lake. Alikuwa ameandika kama mahakamani: "Shahidi wa kwanza, mwanamume, mavazi meupe. Anashika kola akiulizwa swali. Shahidi wa pili, dereva, masharubu mazito. Anamtazama kila mtu machoni. Shahidi wa tatu, mwanamke, sari ya kijani, mwandishi wa gazeti. Analia bila sauti."

"Mkalimani," nikamwambia, "lakini lugha yenyewe?"

"Shahidi, nimewatazama watu wakidanganya miaka thelathini. Mwongo hushika kitu. Hushika sikio, hushika kofia, hushika kola. Mkweli mikono yake iko huru. Uso hauhitaji kamusi."

Neno moja tu alilipata kwa sikio. Aliona kila mdogo akimwongelesha mkubwa anasema "mahataya", akaamua ndiyo heshima yao, kama sisi tunavyosema mheshimiwa.

Jumamosi ilipofika jumba lilijaa hadi watu wakaketi madirishani. Mkalimani akaapa, mkono juu, akakohoa kidogo kwa wasiwasi. Kisha akatoa hukumu. Daraja limeanguka na watu wamekufa maji. Nani amekula saruji? Ni huyu mwenye nguo nyeupe, anayeshika kola kila akiulizwa. Nani shujaa? Ni dereva wake mwenye masharubu, anayeiba faili usiku na kumpa yule mwandishi wa sari ya kijani. Na mwishoni, mvua ikinyesha, polisi wanamkamata mwenye nguo nyeupe mbele ya umati, mkono wake bado uko kwenye kola. Jumba lilipasuka kwa makofi. Mama mmoja muuza mboga alipanda juu ya benchi akapiga vigelegele.

Wakampa mwovu jina la Bwana Kola. Dereva akaitwa Dere wetu. Ile filamu ilichezwa Jumamosi kwa Jumamosi hadi diski ikaanza kukwaruza. Vijana wa bodaboda wakasalimiana "Mahataya!" badala ya niaje. Kinyozi mmoja alianza kunyoa masharubu ya Dere, na nilimwona mwalimu wangu wa zamani wa hisabati akitembea nayo mjini, yamemkaa kama brashi ya viatu. Na mtu akimshuku mwenzake, alishika tu kola yake mwenyewe, basi ujumbe umefika.

Kulikuwa na mgombea wa kiti cha wadi, upande wa Kiminini. Mtu wa kawaida, aliuza mbegu na mbolea, hakuwa na gari la maana wala kipaza sauti kizuri. Alisimama kwenye mkutano wake wa mwisho, watu wengi, jua kali, na alipoulizwa swali kuhusu barabara, akashika kola. Akaivuta. Mmoja akapaza sauti, "Kola!" Wa pili akaitikia. Kufumba na kufumbua uwanja mzima ulikuwa unaimba "Kola! Kola!" na yule maskini anatabasamu, anadhani wanamshangilia, anazidi kuivuta. Alianguka kwa kura chache sana, wapiga kura wa kujaza lori moja.

Miezi kadhaa baadaye mke wa mgombea huyo alieleza kanisani, kwenye ushuhuda, jinsi Mungu alivyomponya mumewe jipu kubwa lililokuwa shingoni wakati wa kampeni. Nilikwenda moja kwa moja kumwambia Mkalimani. Alikuwa akichonga kalamu ya risasi kwa wembe.

"Jipu si ushahidi," akasema.

Lakini alijikata kidole. Na Jumamosi iliyofuata alimwambia Mama Video kwamba koo linamuuma. Likamuuma Jumamosi nne mfululizo, na aliporudi hakukubali tena kusimama kando ya filamu ile. Walipomlilia alisema diski imekwaruzika. Tangu hapo hakuapa tena mbele ya watu. Nililiona hilo, na kwa kuwa nilikuwa na haraka ya ujana, nikalisahau.

Simu zikaja, jumba la Mama Video likawa kanisa, Mkalimani akahamia shambani kwake Tongaren. Mkewe alifariki huko. Nilikuwa nikimtembelea mara moja au mbili kwa mwaka, na kila mara macho yake yalikuwa yamefifia zaidi. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Alinitambua kwa hatua zangu, na hata hapo hakukubali kwamba anakisia. "Umevaa nguo ya buluu," alikuwa akiniambia, na mimi niko kwenye nyekundu, namjibu ndiyo Mzee.

Mwaka huu, nikiwa nasahihisha mitihani, niliikuta ile filamu kwenye simu. Safari hii ilikuwa na maneno ya Kiingereza chini. Niliacha mitihani nikaitazama yote, na nilipofika katikati nilisema "Yesu wangu!" kwa nguvu hadi jirani akabisha hodi. Niliapa sitamwambia. Ana miaka mingi, hana macho, hana mke, ya nini kumwongezea? Wiki mbili baadaye akanipigia simu yeye mwenyewe.

"Shahidi, nimesikia filamu za zamani siku hizi ziko kwenye simu, tena zimetafsiriwa. Ile yetu iko?"

Mimi ni yule asiyeogopa neno "sijui". Pale ndipo lilipohitajika, na halikunijia.

"Iko, Mzee."

"Njoo nayo."

Nilifika Tongaren asubuhi ya Jumamosi. Alikuwa amevaa koti la kijivu. Juu ya meza kulikuwa na Biblia peke yake, hata chai ilikuwa imewekwa chini.

"Shika kwa mkono wa kulia," akasema. "Utanisomea kwa Kiswahili yaliyoandikwa. Hutaongeza, hutapunguza."

"Mzee, ni filamu tu."

"Shika."

Nikaapa. Mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu, nimeapishwa sebuleni na kuku wananitazama mlangoni. Tukaanza. Nilisoma, yeye akatikisa kichwa, wakati mwingine akatabasamu. Mtu fulani alipomwongelesha bosi wake, alinishika mkono. "Mahataya. Hiyo ni mheshimiwa, sivyo?"

"Ni bwana, Mzee. Ni heshima. Hiyo uliipata."

Alifurahi kama mtoto aliyepewa andazi, na mimi moyo ukanishuka, kwa sababu nilijua dakika tano zijazo kuna nini. Mwenye nguo nyeupe yuko ndani ya gari, peke yake, mvua inapiga kioo. Anafungua kola yake. Chini yake amebandika kinasa sauti kidogo kama kifungo cha shati. Anamwambia rafiki yake kwa simu kwamba ameamua kuwarekodi wezi wa lile daraja, na kwamba anaogopa mkono wake utamsaliti, maana kile kitu kinamwasha, hawezi kuacha kukigusa.

Nilinyamaza. Mvua ya filamu ikaendelea kunyesha kwenye simu. Nilikuwa na sentensi nzuri tayari mdomoni, kwamba jamaa anaficha noti, au anajikuna tu. Nani angejua?

"Shahidi," akasema polepole. "Wamenyamaza wao, au umenyamaza wewe?"

"Ni mimi, Mzee."

"Basi soma."

Nikasoma. Nikasoma kinasa sauti, nikasoma woga wake. Nikasoma jinsi Dere wetu, na masharubu yake yote, alivyoipeleka ile faili kwa wezi kabla yule mwanamke hajaiona. Nikasoma mvua ya mwisho, asiye na hatia akichukuliwa na polisi, na watu wakimzomea. Tulikuwa tukipiga makofi pale. Kila Jumamosi, Kitale nzima, makofi na vigelegele, mtu mwema akifungwa.

Chai ilikuwa imepoa kabisa. Mkalimani alikuwa ameketi wima na mikono magotini.

"Alishika kola mara tisa," akasema. "Niliandika mara tisa."

"Ndiyo, Mzee. Mara tisa."

"Na yule wa Kiminini? Bado anauza mbegu?"

"Bado."

Akainuka. Nilimkumbusha jua, nikamkumbusha macho yake, nikamwambia ni zamani na mtu mwenyewe hata hajui kisa hicho. Ng'o. Tulipanda bodaboda moja, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia pamoja na koti lake. Alikuwa mwepesi sana. Njiani alimsahihisha mwendeshaji mara moja kuhusu kona, na yeye ndiye aliyekosea.

Duka la mbegu lilikuwa palepale barabarani. Mwenyewe alikuwa nyuma ya meza, amenenepa kidogo, na shati lisilo na kola kabisa, fulana. Nilimtambulisha Mzee. Mkalimani hakungoja kiti. Alisimama katikati ya magunia ya mbolea, akainua mkono wa kulia na kusema yote: lugha asiyoijua, wiki moja ya kutazama, mara tisa, Bwana Kola, ule mkutano, lile jipu. Hakujipunguzia kitu. Alipofika kwenye kikohozi cha wasiwasi alichokohoa Jumamosi ile ya kwanza, alikikohoa tena.

Yule bwana alimsikiliza mdomo wazi.

"Mzee, ngoja," akasema mwishoni. "Ile firamu ya Mama Video? Si hata mimi nilikuwa naiona! Benchi ya tatu. Niliona kama mara nne. Mimi mwenyewe nilikuwa napiga kelele 'Kola!' Hata pale mkutanoni nilidhani wananishangilia na maneno ya firamu." Akasita. "Kwani Kola hakuiba?"

"Hakuiba."

"Ati hakuiba!" Akaketi juu ya gunia. "Haya, na Dere?"

Mkalimani akageuza uso kunielekea, kana kwamba ananiomba nichukue zamu. Nikamwambia mimi. "Dere ndiye aliyewauza."

"Wacha, madam! Usiniambie Dere." Alishika kichwa kwa mikono miwili. Kusema kweli, habari ya kura haikumgusa hata nusu ya ile ya Dere. "Dere! Na mimi nilinyoa kama yeye wakati wa kampeni. Picha zangu zote za ukutani, niko na hayo masharubu. Mama watoto alikataa, nikamwambia nyamaza, haya ni ya mtu mkweri."

Nilianza kucheka, sikuweza kujizuia, naye akacheka, akapiga gunia makofi hadi vumbi la mbolea likatuingia puani. Mkalimani peke yake hakucheka. Alikuwa bado amesimama, mkono wake umeshuka nusu. Kicheko cha yule bwana kikapungua, kikaisha. Akamtazama Mzee, na nikaona uso wake unabadilika taratibu, kama mtu anayefanya hesabu ambayo hakuwahi kufikiria kuifanya.

"Mzee," akasema, sasa kwa upole. "Kwa hivyo kama si ile firamu, ningeshinda?"

Pikipiki zilipita nje. Mkalimani alifumbua mdomo. Nikakiona kile kidole chake kikikakamaa, kile kilichompeleka dereva wa lori hadi Suam, nikajua jibu linakuja, ndiyo au la, kwa sauti ya mahakama. Kidole kikalegea. Mkono ukapanda polepole hadi kwenye koti la kijivu, ukashika kola, ukaivuta kama imembana.

"Sijui," akasema.

Yule bwana akamletea kiti. Mimi nilikuwa nimeapishwa asubuhi ile na hakuna aliyenifungua kiapo, kwa hiyo nasema nilivyosikia: alisema hivyo tu, na hakuongeza neno.